Saa Moja na Dakika Arobaini

Jumatatu, 4 Machi

Kwa miaka kumi na mmoja nimehangaika na swali moja, na kila ninapodhani nimelijibu hurudi likiwa na sura nyingine: je, umbali kati ya ndugu na ndugu ni kitu kilichopo chenyewe, kama mlima, au ni kitu kinachojengwa taratibu na yule anayefaidika nacho?

Ninaliuliza kwa haya kidogo, maana umbali ndio unaonilisha. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege. Kabla rubani hajapanda, mimi nimeshachagua njia, nimesoma upepo wa juu, nimekadiria mafuta na muda. Kutoka uwanja wetu hadi uwanja wa mji anakoishi mdogo wangu ni kilomita 10,312. Kwenda ni saa kumi na moja na dakika kumi. Mtu akinigutusha usingizini, namba hizo zitatoka kabla ya jina langu.

Leo mvua ya kwanza ya msimu imenyesha. Nilikuwa na Baba kwa daktari wa moyo. Vali moja imechoka, na upasuaji haufai kuvuka mwezi wa Mei. Baba aliuliza jambo moja tu, kama atapewa kitanda cha dirishani. Tulipokuwa garini, vioo vikiwa na ukungu, akasema:

"Na usimsumbue Kitinda. Aliyeshindwa kuwahi kumzika mama yake asijisumbue kuja kutazama mshono wangu."

Kitinda ndiye mdogo wangu. Kitinda mimba, wa mwisho kwetu. Niliwasha vifuta vya kioo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Ndege mbili zimechelewa. Baba amekula nusu sahani, akasema nusu nyingine ni ya kesho.

Jumapili, 10 Machi

Niliandike hili mara moja, kwa mpangilio, kama ninavyoandika ripoti kazini.

Mama alifariki siku ya Alhamisi, katika msimu kama huu. Kitinda alipata tiketi ya Ijumaa, ndege ikachelewa kuondoka, na ratiba iliyochapishwa ikawa haina maana tena. Saa saba usiku kasoro dakika kumi alinitumia ujumbe: "Milango imefungwa, tunaondoka." Asubuhi wajomba na shangazi waliniuliza atafika lini ili wapange saa ya mazishi. Sikuhitaji hata kalamu. Saa kumi na moja na dakika kumi. Basi anatua saa sita mchana. Pasipoti, mizigo na barabara mpaka nyumbani kwetu kwa zamani, saa tatu na dakika ishirini. Wakapanga saa tisa na nusu. Walimngoja mpaka saa kumi, wingu likafunga, wakamzika Mama bila yeye. Kitinda alifika saa kumi na moja kamili, watu wakikung'uta udongo viatuni.

"Ndege ilichelewa," alisema.

Shangazi akamjibu mbele ya watu: "Ndege imetua saa sita. Dada yako anafanya kazi hukohuko, yeye ndiye anayejua. Saa nzima na dakika arobaini ulikuwa unafanya nini mjini? Unabadilisha nguo?"

Baba alitazama saa yake, akaandika kwenye daftari lake. Maisha yake yote alikuwa mpima ardhi, na mpima ardhi huandika.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilirudi kazini nikafungua kumbukumbu za uwanja. Ndege ya Kitinda ilikuwa imetua saa saba na dakika arobaini. Nilikaa nikiitazama namba ile mpaka chai ikapoa. Meza yetu hupanga safari zinazoondoka tu. Zinazokuja hupangwa na wenzetu wa upande wa pili. Kwenda, upepo wa juu unasukuma mgongoni. Kurudi, unapiga usoni, na njia ileile inachukua saa kumi na mbili na dakika hamsini. Nilimpa mdogo wangu muda wa kwenda ilhali alikuwa anarudi. Kosa la namna hiyo halifanywi na mtu asiyejua kitu. Linafanywa na anayejua upande mmoja vizuri mno.

Wakati huo Kitinda alikuwa ameshaondoka. Hajarudi tangu siku hiyo. Na mimi sijamwambia mtu yeyote.

Jumatano, 13 Machi

Maji yamejaa kwenye barabara ya kuingilia uwanjani. Nimefika kazini nimevua viatu.

Jumamosi, 23 Machi

Nimempigia Kitinda na kumweleza habari ya moyo wa Baba, ingawa nilikatazwa.

"Upasuaji lini?"

"Mei. Wiki ya tatu, wanasema."

"Umeshamwambia?"

"Kwamba nakupigia? Hapana, ali..."

"Siyo hilo, dada. Umeshamwambia lile lingine?"

Nilijifanya sielewi. Alicheka kicheko kifupi, kisicho na furaha.

"Mimi nilikuwa ndani ya ile ndege. Magurudumu yalipogusa chini nilitazama saa. Ulidhani sijui?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Nilisema ndege ilichelewa. Wote wakakugeukia wewe. Wewe ukatazama viatu vyako."

"Nilikuwa sijajua, Kitinda. Nilijua siku ya tatu."

"Sawa. Na siku ya nne?"

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Nilifikiri hivi," aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "huyu ndiye anayebaki naye. Ndiye atakayempeleka hospitali, atakayempikia. Nikimharibia dada, Baba atabaki na nani? Nikakuachia. Lakini sikukuachia mpaka afe. Nitakuja, dada. Naomba likizo kuanzia tarehe kumi Mei. Ila sipandi ndege mpaka umwambie wewe mwenyewe. Siji kujitetea mbele ya mgonjwa."

Baada ya simu niliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 24 Machi

Sikusema. Baba alilala vibaya.

Alhamisi, 28 Machi

Sikusema. Alilala vizuri, sikutaka kumharibia.

Jumapili, 7 Aprili

Baba ameniomba nimteremshie tufe la dunia lililo juu ya kabati, lile alilonunua tulipokuwa shule ya msingi. Akachukua uzi wa kushonea, akaubana kwa kidole kwenye nchi yetu, akauvuta mpaka kwa Kitinda. Hajalitaja jina lake kwa mwezi mzima, lakini kidole kilikwenda moja kwa moja.

"Sentimita thelathini na mbili na kitu," alisema. "Ninyi mnasema kilomita ngapi?"

"Elfu kumi, mia tatu na kumi na mbili."

Alipiga hesabu pembeni mwa gazeti, akaridhika. "Uzi haujawaacha mbali. Na saa?"

"Kwenda, kumi na moja na dakika kumi. Kurudi, kumi na mbili na dakika hamsini."

Alinitazama juu ya miwani. "Uzi ni mmoja, mama. Njia moja itakuwaje na vipimo viwili?"

"Kipimo cha njia ni kimoja, Baba. Upepo ndio unaotofautisha. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakuzuia."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Basi mimi nisingeajiriwa kwenu. Nikipima kiwanja kutoka kigingi hiki hadi kile, halafu nikirudi kigingi hadi kigingi nipate tofauti, narudia kazi yote. Ndivyo nilivyofundishwa: kila mstari unapimwa mara mbili, kwenda na kurudi. Usipopima kurudi, hujapima."

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Ningeweza kupita kwa sentensi moja. Badala yake nikamuuliza kama ameshameza dawa za mchana.

Ninajiambia kwamba ninaulinda moyo wake. Inawezekana. Lakini daktari hakusema moyo huo usiambiwe ukweli. Alisema usipande ngazi.

Jumatatu, 8 Aprili

Sikusema.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua imekuwa kubwa kiasi kwamba mwenzangu wa hali ya hewa, tunayemwita Bwana Mawingu, ameanza kusalimia watu kwa kuomba radhi.

Leo alikuwa akimfundisha mwajiriwa mpya juu ya nukta ambayo sisi huitia alama kwenye kila safari ndefu: pale ambapo kuendelea mbele na kurudi nyuma kunachukua muda uleule. Ikitokea hitilafu kabla ya hapo, rubani anarudi. Baada ya hapo, anaendelea. Mwajiriwa alidhani nukta hiyo iko katikati ya njia.

"Ingekuwa katikati kama dunia haina upepo," Bwana Mawingu alimwambia. "Upepo ukiwa mgongoni, inakuja mapema. Hujafika nusu ya safari, na tayari kurudi kumekuwa mbali kuliko kwenda. Wengi hawaamini. Hata wake zetu."

"Wake zenu wameingiaje hapo?" nilimuuliza.

"Dada, mimi niliondoka nyumbani nimenuna saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili nilitaka kurudi kuomba msamaha. Nikapiga hesabu, nikaona nimeshavuka nukta."

Tulicheka sana. Kisha nikaenda msalani nikakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika. Siku ya tatu, siku ya nne. Nilivuka lini mimi? Nadhani ilikuwa mapema mno, pale nilipokuwa bado naona nyumbani nyuma yangu.

Alhamisi, 25 Aprili

Tarehe imetolewa: 20 Mei. Kitinda ametuma ujumbe wa neno moja: "Umesema?"

Jumapili, 28 Aprili

Nimesema.

Nilikuwa nimetunga utangulizi mrefu, wenye muktadha na tahadhari, kama mtu anayetetea tasnifu. Baba alikuwa kitini karibu na dirisha, miguu juu ya kigoda, akitazama maji yakishuka kwenye mfereji. Nilisimama mbele yake na utangulizi wote ukanitoka.

"Baba, siku ya kumzika Mama, ndege ya Kitinda haikutua saa sita. Ilitua saa saba na dakika arobaini. Mimi ndiye niliyekosea. Nilihesabu muda wa kwenda."

Aliendelea kutazama nje.

"Rudia."

Nikarudia.

"Ulijua lini?"

"Siku ya tatu."

"Ya mwezi gani?"

"Siku ya tatu baada ya mazishi, Baba."

Hakufoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mayowe, hata kwa yeye kushika kifua. Nambari ya daktari ilikuwa tayari kwenye simu. Aliniomba daftari la mwaka ule. Madaftari yake yote yako sandukuni, yamefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Nililipata, akalifungua, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Nilisoma kichwa chini: *K. amefika 11:00 jioni. Pengo 1:40.* Chini ya neno pengo alikuwa amepiga mistari miwili, kwa nguvu iliyotoboa karatasi.

Alikaa na ukurasa ule kwa muda ambao sikuupima.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "saa zote hizo mwanangu alikuwa hewani."

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi nilimweka mjini. Miaka kumi na mmoja nimemweka mjini, mara dukani, mara hotelini, mara na watu nisiowajua. Kumbe alikuwa juu, anakuja."

Kisha akaniambia nimwache peke yake.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemwandikia Kitinda: "Nimesema." Amejibu: "Asante. Nakata tiketi."

Jumatano, 1 Mei

Baba hasemi nami. Anasema na redio. "Redio, humu ndani kuna mtu anayejua chumvi imewekwa wapi?" Nikamsogezea chumvi. "Ahsante, redio."

Ijumaa, 3 Mei

Bado ni redio. Sijui kama ninaumia au ninapumzika. Mtu aliyengoja adhabu kwa muda mrefu huipokea kama mgeni aliyechelewa: unachoshwa naye, lakini angalau umeacha kuchungulia dirishani.

Jumapili, 5 Mei

Nilikuwa jikoni nikichambua maharage. Baba alikuwa amejifungia chumbani na simu, akizungumza kwa sauti ya juu kama watu wa rika lake wanavyofanya, kana kwamba umbali unahitaji kusaidiwa.

"Nimeambiwa... Ndiyo, kaniambia mwenyewe... Hapana, wewe ngoja, nimalize mimi. Niliandika vibaya. Mimi ndiye niliyeandika, siyo yeye. Yeye alinipa kipimo kimoja, na mimi, mtu mzima, nikakiingiza daftarini bila kupima kurudi... Usilie. Mbona mnapenda kulia ninyi?"

Yeye mwenyewe alikuwa akilia. Nilijua kwa namna alivyokohoa.

Alipotoka alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Maharage hayo yana mawe," alisema. Aliyeambiwa nilikuwa mimi, siyo redio.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi, kabla hata ya chai, Baba alikuwa ameshavaa koti, ana saa mkononi na daftari jipya mfukoni.

"Atafika saa ngapi?"

"Sijui, Baba."

"Mtu mzima, kazi yako hiyo, hujui?"

"Nimewapigia waliopanga safari yake, wa upande ule. Wanakadiria saa kumi na tatu kasoro dakika tano. Lakini upepo wa leo una nguvu, na kuna mvua kwetu. Inaweza kuwa zaidi. Ikishatua nitakwambia ilitua saa ngapi."

Alinitazama, akatikisa kichwa polepole. "Sasa ndiyo unaanza kupima."

Nilipinga asiende uwanjani. Alinipita akaenda kuketi garini. Katika ukumbi wa wanaowasili alikaa kiti cha mbele. Ndege ilipotua aliandika. Watu walianza kutoka na mikokoteni, wengine wakikumbatiana, yeye akitazama mlango na saa, mlango na saa. Kitinda alipotokea nilimkosa kwanza. Nilikuwa namtafuta mwenye umri ule aliouacha. Amenenepa kidogo, ana mvi mbili tatu mbele. Baba alisimama, akaandika dakika, ndipo akafungua mikono.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Nimenenepa, Baba."

"Basi ni miwani."

Mimi na yeye tulishikana mikono kama watu waliotambulishwa leo. Kisha akanivuta na kuniegemea, na mkoba wake ukawa unanichoma ubavuni, sikuusogeza.

Baba alikataa twende nyumbani. "Kwa mama yenu kwanza." Tulimwambia kuhusu mvua, barabara, moyo. "Moyo ni wangu." Nikaendesha. Akaniambia niende mwendo wa kawaida, nisikimbie, nisichelewe. Nyuma Kitinda alisinzia, akaamka, akasinzia. Barabara ni ileile. Imewekwa lami mpya sehemu moja, na sehemu nyingine lami imekwisha.

Tulipofika makaburini mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Kitinda alikwenda peke yake mbele. Baba alibaki ameegemea gari, akaandika saa, akajumlisha akinong'ona. Nilimwona akihakiki mara ya pili, kutoka chini kwenda juu.

"Kutua hadi kutoka mlangoni, saa moja na dakika ishirini na mbili. Mlangoni hadi hapa, saa mbili na dakika moja. Saa tatu na dakika ishirini na tatu." Akalitoa lile daftari la zamani kutoka mfuko wa ndani wa koti, sikujua amelibeba. "Siku ile, kutoka saa saba na dakika arobaini hadi saa kumi na moja. Saa tatu na dakika ishirini."

Alimtazama mwanawe wa mwisho, aliyekuwa amechuchumaa akiondoa majani kwenye kaburi.

"Dakika tatu," alisema. "Siku ile alikimbia."

Akachukua kalamu, akafuta neno *pengo*.

Jumatatu, 20 Mei

Ameingia saa mbili asubuhi. Ametoka saa nane. Hai. Kitanda si cha dirishani, amelalamika.

Jumapili, 26 Mei

Amerudi nyumbani. Shangazi alikuja kumjulia hali, Baba akamsomea madaftari yote mawili, mstari kwa mstari. Shangazi alisikiliza, akamwomba Kitinda amsamehe, kisha akasema supu imepungua chumvi. Kila mmoja ana njia yake ya kuvuka.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekatika. Kitinda ameondoka leo, na safari yake nimeipanga mimi. Ni ndege inayotoka, iko mezani kwangu. Kilomita 10,312, saa kumi na moja na dakika sita, upepo ukiwa mzuri. Ile nukta ya kurudi au kuendelea nimeiweka kilomita 4,800 kutoka hapa, kabla ya nusu, inapokuwa siku zote. Nilipokuwa naiweka nilimwaza yeye kiti cha dirishani, akiipita bila kujua. Amesema atarudi Desemba. Baba ameandika.

Swali langu la mwanzo nimelijibu nusu. Kilomita zipo, hakuna aliyezijenga. Ila ile saa moja na dakika arobaini niliijenga mimi, na kwa miaka kumi na mmoja nilikaa ndani yake kama mtoto pekee wa nyumba, anayepika, anayependwa kwa kuwa yupo. Hilo ninalikiri.

Lisilojibiwa ni dogo zaidi, na linaniuma zaidi. Kitinda aliposema ndege ilichelewa na wote wakanigeukia, kwa nini nilitazama viatu vyangu? Nimesema siku zote kwamba nilijua siku ya tatu. Mtu asiyejua angemtazama mdogo wake kwa mshangao. Je, kuna kitu ndani yangu kilikuwa kimeshashuku hesabu, kikanyamaza? Au nilikuwa tu mtu aliyetoka kumzika mama yake, anayetazama udongo? Nimelipima kwenda na kurudi, na vipimo havilingani. Baba aliweza kufunga pengo lake kwa sababu alikuwa na saa, daftari, na barabara ambayo bado ipo. Mimi nina shahidi mmoja tu wa dakika ile, na shahidi huyo ana sababu zote za kusema uongo, hata kwangu.

Mchana simu imelia. "Milango imefungwa, tunaondoka."

"Anasemaje?" Baba ameuliza kutoka chumbani.

Nimemsomea.

"Andika saa," amesema.

Nimeandika.